Fundi Asiyeinama wa Bondeni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii kila mtu anaijua, na labda ndiyo sababu wengi hawaisikii. Watoto huiimba darasani, wazee huitupa barazani wakishika vikombe vya kahawa, kisha wote hurudi makwao na shingo zao ngumu vilevile. Maana yake si ngumu. Mtu anayetaka kitu kilichoingia chini ya kitanda hatakipata kwa kusimama katikati ya chumba akikiamrisha kitoke. Atapiga magoti, atapakwa vumbi, pengine atagonga kichwa kwenye ubao wa kitanda. Kuinama huko hakuvunji heshima ya mtu yeyote. Anayebisha na asikilize habari za Kuluthum, fundi wa baiskeli wa mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na saba, kwa maana yeye alibisha kuliko sisi sote.

Nakuru ya siku zile ilikwenda kwa baiskeli. Makarani walikwenda kazini kwa baiskeli, watu wa reli walikwenda zamu kwa baiskeli, na wauza mboga waliteremka kutoka Dundori alfajiri na magunia ya kabichi nyuma, breki zikilia njia nzima. Kiangazi vumbi jeupe liliingia kwenye minyororo, masika tope likaganda kwenye magurudumu, na kwa vyovyote vile fundi hakukosa kazi. Fundi mwenyewe zamani alikuwa Shariff, mume wa Kuluthum. Shariff alipougua kifua, mkewe alianza kwa kumshikia spana, akaendelea kwa kuziba matundu, na kabla mume hajafumba macho alikuwa akijua kunyoosha spoku kwa kuisikiliza inavyolia. Eda ilipokwisha, alifungua sanduku la vifaa, akafagia kibaraza, akaanza kazi. Kazi ilikuwa nzuri. Sisemi nzuri kwa mwanamke, nasema nzuri.

Aliyechukia ni shemeji yake, Obeid, muuza nguo, mtu wa kanzu nyeupe na maneno meupe zaidi. Kibaraza kilikuwa cha marehemu baba yao, na Obeid alikitaka awakodishie washonaji. Lakini hakusema hivyo. Alisema, "Mjane wa ndugu yangu kuketi chini barabarani, katikati ya grisi na misumari, ni aibu kwa nyumba nzima."

"Basi sitaketi," Kuluthum alimjibu.

Na hakuketi. Alichukua kamba ambazo Shariff alizining'iniza kwenye boriti kwa ajili ya kazi ndogondogo, akazitumia kwa kazi zote. Kila baiskeli ilitundikwa hadi kifuani, naye akaishughulikia wima, buibui lake safi, leso yake haina doa. Watu walitoka mitaa mingine kuja kumtazama fundi asiyeinama. Wakamsifu, na mnajua sifa humfanya nini mgema. Kuluthum akaongeza sheria nyingine juu ya ile ya kwanza: hakumuuliza mteja swali. "Fundi anayemhoji mteja," alikuwa akisema, "ni kama daktari anayemuuliza mgonjwa jina la dawa." Usemi mtamu sana. Aliusahau tu ule upande wa pili, kwamba daktari mwenye akili humuuliza mgonjwa panapouma.

Obeid naye hakulala. Aliwakusanya wazee wa ukoo na kuweka sharti mbele yao. Siku ambayo mteja ataondoka kibarazani na baiskeli iliyomshinda Kuluthum, siku hiyo atakabidhi spana na kibaraza. Wazee walimtazama mjane. Kuluthum aliinua kidevu akasema amekubali. Alikuwa akijua kwamba bila kibaraza kile angekuwa mtu wa kulishwa na mashemeji, akipewa chakula pamoja na masimango yake, na moyo wake haukuwa wa kulishwa. Miezi ikapita, baiskeli zikaja na kwenda, hakuna hata moja iliyomtoa jasho.

Ndipo akaja Khisa.

Khisa alikuwa kijana wa reli, kazi yake kuunganisha na kufungua mabehewa pale stesheni, mabega mapana na meno yasiyojua kujificha. Alifika Ijumaa asubuhi akisukuma baiskeli nyeusi iliyong'aa mpaka mtu angeweza kujitazama humo akafunga kilemba.

"Hodi, Mama Fundi."

"Karibu. Itundike."

Khisa akaitundika, kisha akaeleza bila kuulizwa, maana furaha ilikuwa imemjaa. Baiskeli ile ilikuwa ya mahari. Baba mkwe wake, Mzee Masinde, alikuwa nyapara katika shamba moja upande wa Kiamunyi. Ng'ombe wa mahari mzee alikwisha kuwapokea wote isipokuwa mmoja wa mwisho, akasema badala ya huyo aletewe baiskeli, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imechoka kuzunguka shamba la bwana wake.

"Lakini mzee ana maneno," Khisa akasema. "Aliniambia, 'Ng'ombe niliwaona wakitembea. Na baiskeli nitaiona ikitembea.' Kesho alasiri ataipanda mbele ya wazee wa pande zote mbili. Sasa mama, tazama gurudumu la nyuma."

Kuluthum alilizungusha. Gurudumu lilikimbia vizuri, kisha tairi likainuka mahali pamoja, likashuka, likazunguka, likainuka tena palepale. Lilikuwa na nundu. Mpanda baiskeli angerushwa kidogo kila mzunguko, na mzee mzima mbele ya wakwe zake angeonekana kama anayepanda punda mwenye kwikwi.

"Tairi lenyewe ni jipya, nililinunua jana," Khisa akaongeza. "Na baiskeli pia ni mpya. Ya dukani."

Aliposema hilo la dukani alitazama pembeni akajikuna shingo. Kuluthum aliliona hilo. Fundi mwingine angeuliza duka gani. Yeye hakuuliza.

"Njoo kesho adhuhuri," alisema. "Utaikuta imetulia kama maji ya mtungini."

Sasa, kila tairi lina mstari mwembamba ubavuni, karibu na pale linapoingia kwenye rimu, lile duara la chuma. Tairi likikaa sawasawa, mstari ule huonekana umbali uleule kutoka kwenye ukingo wa chuma, pande zote, kama upindo wa leso iliyoshonwa vizuri. Kwenye gurudumu la Khisa mstari ulikwenda vizuri, halafu karibu na mahali pamoja ukapanda juu, ukashuka. Kuluthum alitabasamu. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Alitoa upepo. Akalibana tairi kwa viganja vyote viwili, akalivuta huku na kulisukuma kule mpaka mstari ukalingana, akajaza upepo kidogo, akatazama, akajaza tena. Lilipoanza kuwa gumu, nundu ikarudi. Akatoa upepo tena. Safari hii alilowesha kipande cha sabuni, akapaka povu ukingoni pande zote mbili ili mpira uteleze ukae wenyewe, akapiga pampu kwa nguvu akingoja ule mlio mdogo wa tairi linapoingia mahali pake. Mlio haukuja. Nundu ilikaa palepale, imetulia kama mgeni aliyeambiwa chakula kinakaribia.

Baada ya sala ya adhuhuri alirudi na hasira kidogo. Alifungua upande mmoja wa tairi kwa mpini wa kijiko, akavuta mpira wa ndani, akautazama kama umebanwa mahali. Haukubanwa. Akauacha ukining'inia nje. Akaingiza vidole ndani ya tairi akitafuta mwiba au jiwe, akazungusha mkono gurudumu zima. Hakukuwa na kitu. Vidole vilipita pia juu ya ule utepe unaofunika vichwa vya spoku ndani ya rimu, vikauona umelowa na unateleza. Akasema moyoni ni maji ya sabuni yake mwenyewe, akaendelea.

Ukweli ni kwamba alikuwa akifanya kazi kama mtu anayepekua mfuko gizani. Gurudumu la nyuma lilikuwa limefungwa pamoja na mnyororo na kifuniko chake kirefu cha bati, na kulitoa lote kulitaka baiskeli ishushwe, fundi aketi chini, alipakate gurudumu miguuni na kulivua nguo zote. Shariff angefanya hivyo mapema sana. Kuluthum alijua hivyo. Lakini mtaa mzima ulikuwa ukipita pale mbele, na sheria yake ilikuwa sheria yake.

Jirani yake alikuwa Mastura, mkaanga viazi, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno, rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Mastura alikuwa amepiga magoti akipuliza moto jikoni mwake, jivu limempaka mpaka kwenye nyusi.

"Shoga," akasema, "hiyo baiskeli umeisimamia kutwa kama mwalimu anayengoja mtoto ajibu."

"Itajibu."

"Haya. Mimi jiko langu nisipoliinamia halijibu."

"Jiko lako na baiskeli ni vitu viwili, Mastura."

"Ni vitu viwili, lakini mimi jioni ninauza." Mastura akajipangusa jivu kwa upande wa mkono. "Kama imekushinda, sema. Mficha uchi hazai."

Kuluthum alishika pampu tena. Neno lile la kushinda lilimchoma, kwa sababu lilikuwa limekwisha kupita kichwani mwake mwenyewe na alikuwa amelifukuza. Jua lilipozama nundu ilikuwa bado ipo, na alifunga vifaa vyake bila kumuaga mtu.

Jumamosi mvua ilinyesha alfajiri ikaacha tope jekundu mbele ya kibaraza. Kuluthum alianza kazi mapema. Alirudia yote ya jana, akayarudia tena. Akatoa upepo, akalisogeza tairi peke yake juu ya rimu mpaka sehemu ya juu ikaja chini, akajaza tena. Nundu haikusogea nalo, ilibaki palepale kwenye rimu. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na Kuluthum alilielewa mara moja: ubaya haukuwa katika tairi wala katika mpira wa ndani. Ulikuwa chini yao, mahali ambapo mtu aliyesimama haoni.

Alikuwa akishika tena kijiko aliposikia kiti kikiburutwa. Obeid alikuwa amekuja. Habari Bondeni hazihitaji baiskeli. Aliketi upande wa pili wa njia, mbele ya duka la jirani, kanzu yake imenyooshwa, akaagiza kahawa, akaanza kutazama kama mtu aliyekata tikiti. Mpita njia mmoja akasimama, mwingine akasimama kumuuliza wa kwanza kwa nini amesimama, na kabla ya muda mrefu pakawa na mkutano.

Khisa alifika kabla ya adhuhuri, amevaa koti la kuazima lililombana mabegani na kofia ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiiogopa.

"Mama Fundi, tayari?"

Kuluthum alilitazama gurudumu. Njia zilikuwepo, na zote alizijua. Angeweza kusema rimu imepinda, ni kosa la kiwanda, na hakuna ambaye angembishia. Angeweza kujaza upepo mwingi mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, nundu ikapungua kwa macho, kijana akaenda zake akishukuru. Obeid asingejua lolote. Lakini alimwona Mzee Masinde, mtu asiyemjua, akipanda baiskeli mbele ya wazee wote, akirushwa, wazee wakitazamana, na binti wa watu huko ndani ya nyumba akisikiliza vicheko. Na jina litakalotajwa ni la fundi wa Bondeni. Kuluthum aliona aibu, aibu ya kweli, tofauti kabisa na ile aliyofundishwa na Obeid. Akapiga moyo konde.

"Khisa, mwanangu," alisema, na alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya njia, "sitakudanganya. Tairi hili limenishinda."

Obeid aliweka kikombe chini taratibu, akasimama.

"Mmesikia wote," akasema. "Amesema mwenyewe kwa kinywa chake."

"Nimesema," Kuluthum akajibu bila kumtazama. "Limenishinda nikiwa nimesimama. Sasa nitaketi."

Akafungua kamba. Akaishusha baiskeli juu ya tope, akaigeuza magurudumu juu. Akavua leso yake ya pili, ile nzuri ya maua, akaitandika chini, akaketi juu yake barabarani, miguu mbele, kama muuza nyanya sokoni. Mastura aliacha viazi vyake vikaungua. Hapo mjane alimwinulia Khisa uso kutoka chini, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi akamuuliza mteja swali.

"Baiskeli hii ilikuwa ya nani?"

Khisa aliangalia umati, akaangalia kofia yake mikononi. Yeye naye alikuwa na heshima yake ya kulinda. Angewaambiaje watu kwamba zawadi ya mkwe ilikuwa mtumba? Lakini mbele yake alikuwa ameketi mama wa watu topeni, ambaye alikuwa amekwisha kusema neno gumu kuliko hilo lake, na alilisema kwa ajili yake. Kijana akachuchumaa ili wasiongee juu kwa chini.

"Si ya dukani, mama. Nilidanganya. Niliinunua stesheni ya Molo kwa mchukuzi wa maziwa wa Keringet, jina lake Kiplangat. Alikuwa akibebea madebe. Nikaipaka rangi mwenyewe."

"Na nundu hii ilikuwepo ulipoinunua?"

"Haikuwepo. Niliipanda, ilikwenda vizuri kabisa. Ilianza juzi nilipoiosha."

"Uliioshaje?"

"Nilitaka ing'are. Niliilaza karibu na bomba la reli, nikaimwagia ndoo kwa ndoo. Ililowa usiku kucha."

Kuluthum alifumba macho kidogo. Alianza kuelewa. Alifungua nati, akaondoa kifuniko cha bati, akautoa mnyororo, akalivuta gurudumu lote akalipakata. Grisi ikaingia kwenye buibui lake, wala hakuitazama. Kwa mipini ya vijiko alivua tairi lote, pande zote mbili, akauvuta mpira wa ndani, akalitupa tairi kando. Kisha akainamisha kichwa mpaka pua yake ikakaribia kugusa chuma.

Harufu ndiyo iliyomwambia kwanza. Ilikuwa harufu ya machinjioni.

Mahali pa utepe wa mpira palikuwa na ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Kiplangat, mtu wa ng'ombe na vibuyu, utepe wake ulipokatika huko milimani mbali na maduka, alifanya kama ambavyo mtu wa kwao angefanya: alikata ngozi mbichi, akaipara manyoya, akaizungusha ndani ya rimu, ncha moja akailaza juu ya nyingine. Ilipokauka ilikuwa nyembamba na ngumu, na ilimtumikia vizuri miaka yote ya madebe. Yeye hakuosha baiskeli kwa ndoo, na mvua ya Keringet ilipomkuta alijikinga kwa koti la turubai, gurudumu la nyuma likifunikwa na magunia. Ila Khisa aliilaza majini usiku kucha kwa sababu ya kujionyesha, maji yakapenya kwenye matundu ya spoku, ngozi ikanywa, ikavimba. Pale ncha mbili zilipolaliana ilivimba maradufu, ikapanuka mpaka kwenye ukingo, na kila tairi lilipotaka kukaa mahali pake lilikuta pamekwisha kukaliwa.

Kuluthum aliuchomoa ukanda ule polepole, ukatoka ukining'inia kama utumbo, akauinua juu watu wauone.

"Ng'ombe wa mwisho wa mahari huyu hapa," Mastura akasema, na barabara nzima ikacheka. Khisa naye akacheka, machozi yakamtoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

Baada ya hapo kazi ilikwenda yenyewe. Kuluthum alikata ukanda mwembamba kutoka kwenye mpira mkuukuu wa ndani, akaupima kwa jicho, akaulaza katikati ya rimu ili usiguse kingo, ncha zikakutana bila kupandana. Akaikausha rimu kwa upindo wa leso yake. Akarudisha mpira wa ndani, akaupa upepo kidogo ili usijikunje, akavalisha tairi kwa vidole gumba, akapaka povu la sabuni. Akarudisha gurudumu mahali pake. Kisha akampa Khisa pampu, kwa kuwa mabega yale yalikuwa hayana kazi, naye akabaki chini, sikio karibu na mpira.

"Piga. Piga tena. Usiharakishe."

Khisa alipiga. Tairi lilinyanyuka, likajivuta, na wote waliokuwa karibu wakasikia mlio mdogo mkavu, kama mtu anayepasua njugu. Kuluthum akalizungusha. Gurudumu likakimbia bila kuruka, bila kuyumba, ubavu wake umetulia hata usingejua kwamba linazunguka isipokuwa kwa spoku zinazometa.

Umati uliguna kwa kuridhika. Lakini Obeid alikuwa amekwisha kuvuka njia, amesimama kwenye ukingo wa tope, kidole juu.

"Maneno ni maneno," akasema. "Sharti liliwekwa mbele ya wazee. Umesema limekushinda, na watu hawa ni mashahidi."

Khisa aliinuka na pampu yake mkononi.

"Mzee, sharti lilikuwaje?"

"Kwamba mteja akiondoka na baiskeli iliyomshinda."

"Mimi ndiye mteja," Khisa akasema kwa adabu kabisa. "Na bado sijaondoka."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa kuziba midomo, maana Obeid alikuwa mtu mzima mwenye duka. Uso wake ukawa mwekundu. Akasema gurudumu kuzunguka si hoja, upepo mwingi unaweza kuficha mengi, na hawezi kukubali jina la marehemu ndugu yake lipelekwe kwa wakwe wa watu juu ya tairi ambalo hajui kama limekaa au limesimama.

Kuluthum alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa bado ameketi chini, buibui lake limeharibika, grisi mpaka kwenye kiwiko, na hakuwahi kujiona bora kuliko alivyojiona saa ile. Hakukasirika hata kidogo.

"Una haki, shemeji," alisema. "Usikubali kwa kuambiwa. Kuna mstari mwembamba ubavuni mwa tairi. Ukiwa sawa na ukingo wa chuma pande zote, limekaa. Ukipanda mahali popote, chukua spana zako sasa hivi. Lakini huko juu uliko hutauona. Ni huku chini."

Obeid aliutazama mkutano, nao ukamtazama. Akatazama tope. Akatazama kanzu yake, iliyofuliwa na kupigwa pasi ya mkaa asubuhi ileile. Kisha, jambo ambalo Bondeni ilisimulia mpaka mvua za mwaka uliofuata, aliikunja kanzu mpaka magotini, akapiga magoti topeni kando ya shemeji yake, akainamisha kilemba mpaka karibu na gurudumu. Kuluthum alilizungusha taratibu kwa kidole kimoja. Obeid alifuata mstari ule kwa macho, mzunguko mzima, akaomba lizungushwe tena, akaufuata tena.

Alipoinuka, hakujipangusa. Na sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

"Shariff alikuwa akiniita nije nione kazi yake," alisema. "Sikuwahi kuinama nikaitazama." Akaiachia kanzu ishuke. "Kibaraza ni chako, Kuluthum. Nitawaambia wazee mimi mwenyewe."

Khisa alipanda baiskeli yake akashika njia ya Kiamunyi, koti limembana, kofia ameitia mfukoni. Huko, kabla hata ya kukaribishwa kiti, alimweleza Mzee Masinde wazi kwamba baiskeli si ya dukani, akamweleza na habari ya ngozi. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaipanda, akaenda mpaka lango la shamba, akarudi mgongo umenyooka, kisha akaenda tena bila kuombwa na mtu. Aliposhuka alisema binti yake ameposwa na kijana msema kweli, na ng'ombe wa mwisho amemwona akitembea.

Nako Bondeni, Jumatatu asubuhi, mkeka ulikuwa umetandikwa kibarazani chini ya zile kamba. Kuluthum aliketi juu yake mbele ya mtaa mzima, kichwa kimeinama kwenye gurudumu la mtu, akimuuliza mwenyewe maswali mengi, na kila aliyepita alimwamkia kwa jina la Fundi. Wahenga hawakukosea waliposema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.